Doti za Cross

Nina tabia moja inayomwaibisha mke wangu. Nikishika karatasi yoyote yenye picha, iwe kalenda, iwe boksi la dawa ya meno, naisogeza puani kama mtu anayekagua samaki sokoni kama hajaharibika. Miaka 19 kwenye uchapaji imenifanya hivi. Natafuta doti. Mfukoni natembea na kioo kidogo cha kukuzia, kile cha kukunja ambacho fundi mashine hakosi, na kimeendelea kunifuata hata baada ya kuacha kazi.

Doti, kwa asiyejua: picha ya gazetini au ya kwenye kalenda haina zile rangi unazodhani unaziona. Ina wino wa aina nne tu, sayani, majenta, njano na nyeusi, uliopigwa kwa vidoa vidogo vidogo. Vikubwa panapotakiwa giza, vidogo panapotakiwa mwanga. Sura ya Rais, embe dodo, bahari, vyote ni vidoa hivyo hivyo. Sisi mafundi tuliviita doti. Marehemu mama hakuwahi kulizoea neno hilo, maana kwake doti ni kanga mbili zinazouzwa pamoja. Nilipomwambia nimeshinda kutwa nikikagua doti, aliwatangazia majirani kwamba mwanawe ameajiriwa duka la kanga.

Nasema haya ili uelewe ilikuwaje nikakutwa nimeinamia mchoro wa Henri-Edmond Cross, mchoraji Mfaransa, huko Paris, kioo kiko jichoni, mpaka mlinzi akaja.

Nilikwenda kumsalimia binti wa kaka yangu, anasoma kule. Yeye ndiye aliyepanga twende Musée d'Orsay, makumbusho ya sanaa, tena siku ya Alhamisi, kwa sababu siku nyingine wanafunga saa 12 jioni na Alhamisi wanaenda hadi saa 3:45 usiku. "Baba mdogo, tukienda jioni watu watakuwa wamepungua." Hawakupungua. Mbele ya Van Gogh palikuwa kama kivuko cha Kigamboni saa 11 jioni, tofauti ni kwamba hapa hakuna anayeuza karanga.

Jengo lenyewe lilikuwa stesheni ya treni. Lilijengwa kwa ajili ya maonyesho ya dunia ya mwaka 1900, na mwaka 1986 likafunguliwa kama makumbusho. Nje uwanjani amesimama faru wa chuma, kazi ya Alfred Jacquemart, aliyetengenezwa kwa maonyesho mengine ya mwaka 1878. Nilipiga naye picha. Nimezaliwa Tanga, nimefanya kazi Dar es Salaam, nina miaka 50 na ushee, na faru wa kwanza kusimama naye bega kwa bega nimemkuta Ufaransa.

Ndani nilichoka mapema. Miguu ya mtu aliyesimama kwenye mashine miaka 19 haina subira na sakafu ngumu. Kusema kweli nilikuwa natafuta mahali pa kukaa, ndipo nikauona.

Mchoro unaitwa Les Îles d'Or, Visiwa vya Dhahabu. Cross aliuchora kati ya mwaka 1891 na 1892. Ni mdogo, sentimita 59 kwa 54. Mchapaji huona karatasi kabla hajaona picha, kwa hiyo neno la kwanza lililonijia ni kwamba hii ni A2 iliyoongezwa upana. La pili: nani anachora bahari wima? Bahari sisi tunailaza. Kalenda zote za pwani nilizochapa maishani zilikuwa za kulala.

Na ndani yake hamna kitu. Hamna mtu, hamna ngalawa, hamna mnazi wala msonobari wa kwao, hamna hata ndege. Chini pana ufukwe, juu yake maji, juu ya maji utepe wa visiwa, kisha mbingu. Tabaka juu ya tabaka, kama bendera. Kuanzia ukingo wa chini hadi wa juu ni vidoa vya rangi ya mafuta, kidoa kando ya kidoa.

Binti yetu aliinamisha kichwa kulia, akainamisha kushoto. "Na hii nayo? Ni kama simu imegoma kufungua picha."

Nikamwambia asubiri. Nikatoa kioo.

Mlinzi alikuwa mama wa makamo. Alikuja bila kelele, akasema neno moja kwa upole, na binti akanitafsiria kwamba nirudi nyuma hatua moja. Nikamwomba amweleze kuwa nilikuwa mchapaji. Akamweleza. Yule mama akakitazama kioo changu, akatabasamu kabisa, kisha akanyoosha kidole sakafuni palepale. Uchapaji wako ni wako, hatua moja ni hatua moja.

Lakini nilikuwa nimeshaona nilichotaka.

Kwenye uchapaji, doti zimepangwa foleni. Kila rangi ina pleti yake, yaani bamba la kuchapia, na kila pleti ina mistari yake iliyolazwa kwa pembe yake: nyeusi nyuzi 45, majenta 75, sayani 15, na njano tunaipa sifuri kwa sababu jicho haliioni vizuri, hata ikikaa vibaya haisumbui. Ukikosea pembe, picha inatoa mawimbi mawimbi kama pazia mbili za wavu zilizopishana. Kwa kazi nzuri tuliweka mistari 133 kwenye inchi moja, na lengo la yote hayo ni moja tu: mteja asizione. Doti ikionekana, fundi ameshindwa.

Cross hakuwa na foleni. Doti moja imekaa hapa, nyingine imeegemea mwenzake, nyingine ina mkia kwa sababu brashi iliondoka kabla mkono haujaamua. Chini, kwenye mchanga, ni kubwa na zimepeana nafasi. Kadiri macho yanavyopanda kuelekea visiwani zinazidi kuwa ndogo na kubanana. Ukizipima za mbele na za mbali, ni choroko na uwele. Hapo ndipo niliposahau miguu. Maisha yangu yote ukubwa wa doti umekuwa na maana ya giza na mwanga. Huyu bwana ameugeuza kuwa umbali. Doti kubwa iko miguuni pako, doti ndogo iko ng'ambo ya maji. Hakuwa na mtu wala mti wa kukuonyesha nini kiko karibu na nini kiko mbali, na hakuwahitaji.

Nilijaribu kuzihesabu, kona ya chini kulia. Nilifika mia mbili na kitu, nikapotea.

Baadaye nilimsoma. Jina lake la kuzaliwa ni Henri-Edmond Delacroix, mtu wa Douai, kaskazini mwa Ufaransa, alizaliwa tarehe 20 Mei 1856. Sasa mchoraji anayeitwa Delacroix kule Ufaransa ni sawa na mwanamuziki wa taarabu anayeitwa Siti: nafasi ina mwenyewe. Eugène Delacroix alishalijaza jina lote. Mama yake kijana huyu alikuwa Mwingereza, basi akalichukua neno la Kifaransa linalomaanisha msalaba akalipeleka upande wa mama: Cross. Mwaka 1884 alikuwa miongoni mwa waanzilishi wa Salon des Indépendants, maonyesho ya wachoraji waliochoka kukataliwa na majaji, ambako kila mtu alitundika kazi yake bila kupimwa.

Mwenye doti hasa, mwanzilishi, ni Georges Seurat. Mchoro wake mkubwa wa watu wanaopunga upepo Jumapili kwenye kisiwa cha La Grande Jatte, upana wake kama mita tatu, ulionyeshwa mwaka 1886, na mwaka huohuo mwandishi Félix Fénéon akawapa wachoraji hawa wa doti jina lao, Neo-Impressionisti. Mimi kilichonigusa ni tarehe. Mwaka 1882, mjini Munich, Georg Meisenbach alipata hataza ya kuchapa picha ya kamera kwa doti. Yaani katika muongo mmoja, mchapaji anavunja picha kuwa vidoa ili azalishe nakala elfu, na mchoraji anavunja bahari kuwa vidoa ili azalishe moja. Sidai kwamba mmoja alimwiga mwingine. Ila nilifurahi kama mtu aliyegundua kuwa ana undugu na ukoo wa maana.

Kuna mzee mwingine nyuma yao wote, naye ndiye niliyempenda zaidi. Michel Eugène Chevreul alikuwa mkemia, mkuu wa idara ya rangi kwenye kiwanda cha mazulia ya ukutani cha Gobelins, Paris. Watu walimletea malalamiko kwamba nyuzi nyeusi za kiwanda hazikukolea. Akazipima. Nyuzi zilikuwa sawa. Ubaya ulikuwa kwa majirani zake: nyeusi ikiwekwa kando ya buluu au zambarau inaonekana imefifia, ikihamishwa inapona. Mwaka 1839 alichapisha kitabu kizito kuhusu jambo hilo, jinsi rangi mbili zikikaa pamoja kila moja inavyomsukuma mwenzake. Aliishi miaka 102, akafa 1889, baada ya vijana wa doti kuwa wameshafanya kanuni zake kuwa mboga yao ya kila siku.

Laiti ningemjua mzee huyu nilipokuwa kazini! Mara ngapi mteja amekuja na sampuli mkononi, "hii kijani siyo yangu", na tukapima wino, ukawa ule ule, tofauti ni kwamba safari hii kijani yake imewekwa juu ya njano badala ya nyeupe. Tulimbishia, tukagombana, tukachapa upya. Tungemwambia tu: kijani chako kizima, ila amepewa jirani mbaya.

Na hapa niwasimulie kuhusu zambarau.

Mwaka mmoja wa mvua nyingi tulichapa kalenda ya hoteli fulani ya ufukweni, nakala 3,000. Mashine yetu ilikuwa Heidelberg ya rangi mbili, kwa hiyo karatasi hupita mara mbili: kwanza sayani na nyeusi, zikauke, kesho yake majenta na njano. Usiku ule mvua ikanyesha, madirisha ya stoo yakaachwa wazi, na karatasi ikanywa unyevu. Karatasi ikinywa maji inatanuka. Si kwa kiasi cha kuonwa na macho, ni unene wa unywele, lakini unywele unatosha. Asubuhi majenta ikakaa pembeni ya ilipotakiwa. Minazi ikawa na ukingo mwekundu kama imeungua, na bahari yote, mwezi wa kwanza hadi wa kumi na mbili, ikawa na vumbi la zambarau.

Zamu ilikuwa yangu. Nilijidanganya kuwa mteja hataona.

"Bahari gani hii ya zambarau?" aliuliza. Sikuwa na jibu. Kalenda zilikwenda kufungia vitumbua, na mimi nililipia sehemu ya karatasi kwa miezi minne.

Sasa nimesimama Paris, hatua moja nyuma ya nilipotaka kuwa, natazama bahari yenye zambarau iliyowekwa kwa makusudi, kidoa kwa kidoa, na mtu aliyejua anachofanya. Kwa mbali visiwa ni utepe wa zambarau mpauko, mwembamba. Na iko sawa! Hilo ndilo lililoniuma. Nimekulia Tanga. Ukisimama Raskazone saa saba mchana, Kaskazi limetulia, ukatazama visiwa vya Yambe na Ulenge, huoni kijani cha mikoko. Mikoko unaijua tu kwa sababu umeshafika. Unachokiona ni mstari wa zambarau unaoelea juu ya maji, tena chini yake kama hakuna kitu, kama kisiwa kimeinuliwa kidogo. Yule mteja angetoka nje ya ofisi yake adhuhuri angeiona bahari ya kalenda yangu. Sisemi ilichapwa vizuri. Ilichapwa vibaya mno. Lakini kosa la kalenda ile halikuwa zambarau.

Visiwa hivyo vya Cross ni vya kweli, ni Visiwa vya Hyères: Porquerolles, Port-Cros na Levant, pwani ya kusini ya Ufaransa. Alihamia huko mwaka 1891, kwanza kijiji cha Cabasson, kisha akajenga nyumba Saint-Clair karibu na Le Lavandou. Hakwenda kutafuta mandhari. Alikuwa na maradhi ya viungo, na baridi ya kaskazini ilimtesa. Kuna methali yetu kwamba kanga hazai ugenini. Cross alizaa ugenini kuliko nyumbani. (Na kanga huyohuyo, kama mjuavyo, ana madoa meupe mwili mzima, na inasemekana ndiye aliyetoa jina la nguo ya mama yangu. Doti zinanifuata.)

Mwaka huo wa 1891 ndio pia Seurat alipofariki, tarehe 29 Machi, akiwa na miaka 31 tu. Kwenye maonyesho ya Indépendants ya mwaka ule Cross alikuwa ametundika kazi yake ya kwanza kubwa ya doti, picha ya mwanamke aliyekuja kuwa mkewe. Mwalimu anaondoka, mwanafunzi ndiyo kwanza anaingia darasani. Halafu mwanafunzi anashuka kusini na viungo vyake vinavyouma, anakaa mbele ya maji, anaanza. Kila doti ni kunyanyua mkono na kuushusha. Najua mkono unaouma unavyofanya kazi. Mimi mwenyewe kidole gumba cha kulia kilishakataa kufunga skrubu za pleti. Mtu mwenye maradhi yale angeweza kuchagua njia ya haraka, brashi pana, mkono mmoja mrefu kutoka kushoto hadi kulia, bahari imekwisha. Akachagua hii.

Sasa niseme pale ninapotofautiana na vitabu. Nadharia yao ilisema hivi: usichanganye rangi kwenye kibao, zitakuwa tope; ziweke safi kandokando, jicho la mtazamaji litazichanganya lenyewe, na mwanga utazidi. Binti yetu alinisomea maelezo hayo kwenye simu yake kama mtu anayesoma mkataba.

Nilimwambia tujaribu. Tulisimama karibu kabisa na mstari wa yule mama. Doti. Tukarudi hatua nne. Doti bado. Tukarudi mpaka mgongo wa mtu mwingine. Zimetulia, zinatetemeka kidogo, lakini zipo. Hazichanganyiki. Ili doti ichanganyike lazima iwe ndogo, mistari 133 kwa inchi, na hapo nadhani Cross angepigwa na wazimu kabla ya kumaliza mchanga. Na hata zikichanganyika, mwanga hauzidi. Doti ya chungwa na doti ya buluu zikikutana jichoni zinatoa kijivu, mtu yeyote aliyewahi kuosha rola za mashine anajua. Wino wetu angalau unapitisha mwanga, karatasi nyeupe inang'aa kutoka chini. Rangi ya mafuta iliyokolezwa inaziba.

"Kwa hiyo walikosea?" binti akauliza.

Walikosea sababu, nikamwambia, kazi hawakukosea. Mchoro unang'aa, hilo halina ubishi. Unang'aa kwa sababu doti zinakataa kuchanganyika. Jicho linajaribu kuzikusanya, zinatoka. Linajaribu tena, zinatoka. Huo mvutano ndio ule unaoupata ukitazama maji wakati jua liko utosini: huwezi kuyatulizia macho, unakunja uso, unaweka kiganja juu ya paji. Na tazama alivyopunguza rangi. Watu wanadhani jua kali huongeza rangi. Waulize watu wa pwani. Jua la asubuhi linaongeza, la magharibi linaongeza. La saa saba linafuta. Mchanga unakuwa mweupe mpaka unauma, buluu ya karibu inapauka, vivuli vinaingia chini ya miguu ya wenyewe. Mchoro huu ni wa saa saba. Umefutwa na jua, na kilichobaki ndicho alichokipiga.

Akakaa kimya kidogo. "Mimi bado naona picha iliyogoma kufunguka, baba mdogo." Sawa. Lakini sikukosa kuona kwamba amekunja uso.

Tulizunguka kuwatafuta ndugu wa Cross, wachoraji wenzake wa doti. Paul Signac yupo humo na Saint-Tropez yake ya mwaka 1895, ile yenye boya jekundu mbele na nyumba za bandarini zinazotikisika majini kwa rangi ya chungwa. Ni nzuri, wageni wote waliipiga picha. Kwangu mimi imeshiba mno, kama pilau lililozidishwa mdalasini. Seurat ana bandari ya Port-en-Bessin ya mwaka 1888, na hapo nilicheka mwenyewe kwa sababu jina la mchoro linataja maji yamejaa. Aliichora bandari hiyohiyo maji yakiwa yamekupwa pia, iko Marekani, St. Louis. Huyo alichora pwani ya kaskazini ya Ufaransa, ambako maji yanatoka na kurudi kama kwetu. Akachora na saa ya maji mkononi, kama mvuvi. Bahari ya Cross haijui bamvua. Mediterania inapanda na kushuka kidogo sana, ufukwe wake ni ule ule asubuhi na jioni. Labda ndiyo maana aliweza kukaa mbele yake muda wote huo. Raskazone ukianza na doti za maji, ukinyanyua kichwa unakuta mwamba.

Baadaye Cross mwenyewe aliacha doti ndogo. Alianza kupiga vipande vipana, kama vigae, na rangi zikapanda moto. Mwaka 1904 mchoraji kijana Matisse alikaa msimu wa joto Saint-Tropez jirani na Signac, akaonana na Cross, akajaribu kazi yao, kisha akaenda njia yake. Cross alifia Saint-Clair tarehe 16 Mei 1910, siku nne kabla ya kutimiza miaka 54. Nimetazama baadhi ya michoro yake ya mwisho kwenye simu. Simwelewi sana mtu aliyechora vile baada ya kuwa amechora Visiwa vya Dhahabu, lakini simu si mahali pa kumhukumia mtu.

Kwenye duka la makumbusho nilinunua postikadi ya Visiwa vya Dhahabu. Usiku, kwa binti, baada ya wali, nikaiweka chini ya taa na kutoa kioo, safari hii bila mlinzi. Nikachagua doti moja ya waridi pale mchangani. Ndani yake, zimejipanga foleni, doti za majenta, na kati yake njano, sayani moja moja imetupwa kama iliki. Pembe zote mahali pake, rejista safi kabisa, yaani kila rangi imekaa pale ilipotakiwa. Fundi aliyeichapa ni mzuri kuliko mimi. Amemchukua mtu aliyeweka doti ili zionekane, akamchapa kwa doti zisizoonekana. Nilimwita binti aje aone. Alitazama muda mrefu kuliko alivyoutazama mchoro wenyewe.

Nimerudi nayo nyumbani, na hapo ndipo ubishi mwingine ulipoanza, kwa sababu mke wangu aliipenda akataka ikae sebuleni, ukuta unaotazama dirisha. Nikakataa. Wino haufi pamoja. Njano na majenta huondoka kwanza, sayani na nyeusi zinabaki. Ukitaka ushahidi, tazama mabango ya mitindo ya nywele kwenye vibanda vya vinyozi vinavyotazama jua la jioni: wale vijana wote wamekuwa wa buluu. Na si karatasi tu. Seurat alitumia njano ya zinki kwenye Grande Jatte, na haikupita miaka mingi njano ile ikaanza kuwa hudhurungi, majani ya jua yakaingia kutu. Fénéon aliliona jambo hilo mapema, mwaka 1892, mchoro haujatimiza hata muongo.

Tumeafikiana iwe upande wa ndani wa mlango wa kabati la jikoni, juu kidogo ya mkebe wa majani ya chai. Mke wangu anasema hajapata kuona mtu anayefungia jua kabatini lisije likachomwa na jua. Anaifungua mara tatu kwa siku, asubuhi, saa kumi na usiku, na kila mara naisikia bawaba ikilia kabla ya birika.